Mikeka ya Mchungaji Hezekiah

Mjini Jeddah wiki ya masomo huanza Jumapili. Jumapili ile, kama nyingine zote, nyumba ya Bwana Saif katika mtaa wa Al-Rawdah iliamka mapema. Bwana Saif alitangulia kutoka kwenda kazini bandarini. Mkewe alikagua mkoba wa binti yao, Hala. Bibi Jokha, mama yake Saif, aliketi mezani na kikombe cha chai, akimsimamia mjukuu wake amalize chapati.

"Kula, mwanangu. Tumbo tupu halimsikii mwalimu."

"Nimeshiba, Bibi."

"Umeshiba maneno. Yalla, malizia hicho kipande, basi lisije likakuacha."

Hala alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Yeye na baba yake walizaliwa Jeddah, lakini Bibi Jokha alizaliwa Unguja, akaondoka na wazee wake mwaka 1964 akiwa bado msichana mdogo. Kwa hiyo nyumbani kwao Kiswahili kilisemwa kwa lafudhi ya Unguja, na Hala alikisema vizuri sana. Kila lugha aliyoijua aliisema vizuri. Darasani hakuna aliyemshinda kwa kusimama mbele ya watu na kunyoosha sauti. Kasoro yake ilikuwa moja tu: alipenda kusema kuliko kusoma.

Siku hiyo Mwalimu Jerioth, Mkenya aliyefundisha historia katika shule yao ya kimataifa, aliingia darasani na bakuli lenye vikaratasi.

"Tutachunguza shule za zamani," alisema. "Kila jozi itaokota shule moja. Nataka mfano wa jengo na maelezo ya kweli. Jozi itakayofanya vizuri kuliko zote nitaipeleka Riyadh, kwenye maonyesho ya shule."

Hala alipangwa pamoja na Keziah. Keziah alikuwa amefika kutoka Kenya miaka miwili iliyopita. Mama yake, Maureen, alikuwa muuguzi Jeddah. Baba yake, Nahashon, alikuwa mpishi katika mkahawa mmoja mtaa wa Al-Sulimaniyah, Riyadh. Likizo za wazazi hao wawili hazikukutana kwa urahisi, na Keziah hakuwa amemwona baba yake kwa miezi mingi isipokuwa katika kioo cha simu. Aliposikia neno "Riyadh" alikaa wima.

"Hala," alinong'ona, "lazima tushinde. Daddy anaweza kuja kuniona."

"Tutashinda," Hala alijibu, kama mtu anayesema kwamba kesho kutakucha.

Keziah aliingiza mkono bakulini na kutoa kikaratasi. Kiliandikwa: Shule ya kanisa katika mpaka wa Marekani, miaka mia mbili iliyopita.

"Mpakani?" Morgan, mchekeshaji wa darasa, alidakia. "Kwani walikuwa wanafundisha askari?"

Darasa likacheka. Mwalimu Jerioth aliwaacha wacheke kidogo, kisha akaeleza. Mpaka huo, alisema, haukuwa na askari wala lango. Ilikuwa sehemu ya mbali ambako walowezi walikuwa wakikata misitu na kujenga makazi mapya, mara nyingi katika ardhi iliyokuwa ya wenyeji wa asili. Serikali ilikuwa bado haijajenga shule huko, kwa hiyo kanisa lilijenga ya kwake, na mchungaji akawa mwalimu. Aliwapa wasichana hao kurasa zilizonakiliwa kutoka katika kitabu cha kumbukumbu. Mwandishi wake alikuwa mwanamke aliyesoma katika shule ya namna hiyo utotoni, iliyoitwa Shule ya Kijito cha Mialoni, akaandika habari zake uzeeni.

Njiani kwenda kwenye basi waligawana kazi.

"Wewe una mikono, mimi nina mdomo," Hala alisema. "Mimi nitasoma na kuandika maelezo. Wewe ujenge."

"Sawa, lakini uniambie vizuri kila kitu kilikuwa aje. Sitaki kujenga uongo."

"Haya basi, umeshaambiwa!"

Jioni hiyo Hala alifungua zile kurasa. Ukurasa wa kwanza ulimpendeza: nyumba ya magogo yenye chumba kimoja, Mchungaji Hezekiah amesimama mlangoni, na watoto wanasoma kwa sauti wote kwa pamoja hata wapita njia wakasikia. Ukurasa wa pili ulimchosha. Kiingereza chake kilikuwa cha kizamani, na sentensi zake zilikuwa ndefu kama barabara ya jangwani isiyo na kituo cha mafuta. Alipofika wa tatu aliweka kurasa chini. Kitabu kigumu hakimfukuzi mtu, humngoja. Lakini Hala hakuwa tayari kungojwa.

Alimfuata Bibi Jokha barazani, akamkuta na birika la kahawa na sahani ya halua.

"Bibi, nyinyi zamani chuoni, mlipojifunza Kurani, mlisoma kwa sauti?"

"Kwa sauti? Mwana wewe! Tulikuwa tukianza, mtaa mzima wa Kikwajuni unasikia. Kila mtoto na aya yake, na mwalimu katikati, amefumba macho. Ukikosea tu, yafumbuka." Bibi alicheka, akasogeza kikombe. Siku hizi hakuna aliyemwuliza habari za Unguja, na kuulizwa kulimfanya kijana. "Tulikaa mkekani, tumejipanga, wakubwa nyuma wadogo mbele. Tukiandika kwenye ubao, kisha tunauosha. Asubuhi kila mmoja huja na kuni moja mkononi kwa ajili ya jiko la mwalimu. Ukichelewa, wenda kisimani kuteka maji. Na Alkhamisi na Ijumaa chuo kimefungwa, basi hapo tena ni kucheza tu."

Hala alisikiliza huku macho yakimng'aa. Mwalimu wa dini, kusoma kwa sauti, watoto waliojazana chumba kimoja: mbona ni mamoja? Shule ya dini ni shule ya dini, alijiambia. Aliingia chumbani na kuandika bila kusimama. Mikeka aliiweka, na mbao za kuoshwa, na kuni mlangoni. Ya Kijito cha Mialoni aliacha magogo tu na jina la Mchungaji Hezekiah.

Simu ililia. Alikuwa Keziah.

"Hala, kuta nimepata. Nitatumia mdalasini wa Mum, zile fimbo nzima. Zinakaa kama magogo kabisa. Sasa niambie, hao watoto walikaa juu ya nini?"

"Juu ya mikeka."

"Mikeka? Amerika?"

"Ndiyo, mikeka. Wakubwa nyuma, wadogo mbele."

"Una hakika?"

Hapo Hala angeweza kusema, "Ngoja niangalie." Kurasa zilikuwa kitandani, mkono mmoja tu kutoka alipokaa.

"Imeandikwa," alisema.

Keziah aliamini. Aliokota majani ya mtende chini ya ukuta wa jengo lao, akayachana nyembamba kama nyuzi, akasuka mikeka midogo isiyozidi ukubwa wa stempu. Alisuka kila jioni kwa wiki nzima mpaka ncha za vidole zikawa nyekundu. Alitengeneza vibao vidogo, akavisimamisha ukutani. Alirundika vijiti mlangoni kuwa kuni. Nyumba ilipokamilika ilinukia mdalasini hata darasa zima likataka kuishika.

Siku ya kuwasilisha, Hala alisimama akasema kama mtu aliyetoka Kijito cha Mialoni jana. Morgan aliuliza, "Na wakichelewa?" Hala akajibu papo hapo, "Walitumwa kuteka maji." Darasa lilipiga makofi. Mwalimu Jerioth peke yake ndiye aliyeinama akatazama ndani ya nyumba ile kwa muda.

"Hii mikeka mmeiona ukurasa gani?"

"Huko katikati, Mwalimu," Hala alijibu.

"Katikati. Basi njooni na ukurasa huo Riyadh, majaji watauliza. Na nataka bango kubwa lenye ratiba ya wiki ya shule hiyo, ili watu wajue watoto walisoma siku gani na kupumzika siku gani."

Walikuwa wamechaguliwa. Keziah alimkumbatia Hala kwa nguvu hata miwani ya Hala ikapanda kwenye paji la uso. Usiku huo Nahashon aliomba ruhusa kwa bosi wake, akapewa saa za alasiri, baina ya chakula cha mchana na cha usiku. Hala naye aliandika ratiba: masomo Jumamosi hadi Jumatano, Alhamisi na Ijumaa mapumziko. Aliipeleka dukani ikapigwa chapa kwa rangi, ikaviringishwa, ikatiwa ndani ya bomba la karatasi ngumu. Keziah hakuiona.

Jumatano jioni walipanda ndege kwenda Riyadh pamoja na Mwalimu Jerioth. Bibi Jokha alifuatana nao, kwa kuwa kaka yake, Mzee Abdalla, aliishi huko na walikuwa hawajaonana tangu Idi. Alhamisi asubuhi wasichana walikuwa ukumbini, mtaa wa Al-Murabba, miongoni mwa meza nyingi na watoto wa shule nyingi. Keziah alitoa nyumba yake katika kasha, akaipuliza vumbi. Hala alikunjua bango na kulibandika ukutani.

Keziah aliinua macho. Alisoma, akasoma tena, kisha akacheka.

"Wewe Hala! Umebandika ratiba ya nani? Jumapili wako darasani?"

"Ndiyo. Mbona sisi pia Jumapili tuko darasani?"

"Sisi tuko Saudia! Hawa ni watu wa kanisa, tena mwalimu wao ni mchungaji. Jumapili nani alikuwa anahubiri? Halafu Ijumaa ati wamefunga. Kwani walikuwa wanaenda msikitini?"

Kicheko chake kilikuwa cha kirafiki, lakini Hala hakucheka. Keziah aliona, na polepole uso wake ukabadilika.

"Hiyo iko ukurasa gani?"

Hala alilitazama bango.

"Hala. Ukurasa gani?"

"Haipo."

"Sawa, halas, siku tu umekosea. Tubandike karatasi juu, tuandike zilizo sawa, nobody atajua." Keziah alikuwa tayari amechukua mkasi. Alikata karatasi nusu, akasita. Macho yake yalishuka kutoka ukutani hadi mezani. "Na mikeka?"

"Keziah..."

"Mikeka imeandikwa wapi?"

"Ni ya chuo cha Bibi yangu, Unguja. Na vibao pia, na kuni. Nilisoma kurasa mbili tu."

Keziah aliweka mkasi chini taratibu, na upole huo ulimtisha Hala kuliko kelele.

"Nilikuuliza kwa simu. Nilikuuliza kama una hakika. Nimesuka hiyo kitu wiki nzima, Hala. Daddy anakuja saa tisa. Ameomba ruhusa, na huwa hawampi ruhusa. Anakuja kuona nini sasa? Uongo ambao nimeusuka kwa mikono yangu?"

Aligeuka akaenda kusimama dirishani, mgongo kwa watu.

Hala alibaki na nyumba ya mdalasini. Bango lingeweza kufunikwa kwa karatasi. Mikeka je? Majaji wakiuliza, angeweza kujibu, kwa kuwa ulimi wake haukuwahi kumwangusha. Lakini jibu hilo lingemlazimu Keziah asimame kando yake, mbele ya baba yake, akitikisa kichwa kukubali jambo analojua si kweli. Hilo Hala aliliona wazi, na hakulitaka. Alizichukua zile kurasa akavuka ukumbi hadi alipokuwa Mwalimu Jerioth.

"Mwalimu, ukurasa wa mikeka haupo. Sikusoma. Nilitia habari za chuo cha Bibi, nikamwambia Keziah imeandikwa. Yeye hakujua."

Mwalimu Jerioth hakupandisha sauti. "Nilitilia shaka tangu siku ile," alisema, "na nilikosea kukuacha uje mpaka huku bila kunionyesha. Sasa nisikilize. Majaji wanaanza kupita baada ya adhuhuri. Nitawaambia meza yenu haimo katika mashindano. Hilo halina mjadala."

"Na Keziah? Yeye hana kosa."

"Kazi ni ya wawili, na ndiyo maana uongo wa mmoja ni mzigo wa wawili. Lakini meza ni yenu hadi jioni. Mtakachoweka juu yake ni shauri lenu."

Hala aliporudi alimkuta Bibi Jokha amekwisha fika na Mzee Abdalla. Bibi alikuwa ameinama juu ya nyumba ile, miwani ncha ya pua.

"Alaa! Abdalla, njoo uone! Mikeka, mbao, na kuni mlangoni. Hiki si chuo chetu hiki? Kasoro mwalimu na bakora yake." Kisha akasoma jina lililobandikwa mbele ya nyumba, neno kwa neno, kwa Kiingereza chake cha kujifunza ukubwani. "A-me-ri-ka? Nani kakipeleka chuo changu Marekani?"

"Mimi, Bibi," Hala alisema, na safari hii sauti yake haikunyooka hata kidogo.

Alieleza yote. Mzee Abdalla alijikohoza ili asicheke. Bibi Jokha hakucheka.

"Kwa hiyo umenisafirisha bila pasi wala viza," alisema. "Mimi nikadhani mjukuu wangu kaniuliza kwa sababu ataka kujua."

Maneno hayo yalimchoma Hala kuliko kutolewa mashindanoni. Bibi aliyaona machozi, akavuta kiti, akaketi.

"Kulia utalia Jeddah. Sasa soma. Wapi mwenzio?"

Hala alikwenda dirishani.

"Keziah, nimemwambia Mwalimu. Tumetolewa katika mashindano. Nimemwambia pia kwamba wewe hukujua."

Keziah hakugeuka. "Sasa?"

"Sasa nataka kusoma kurasa zote kabla baba yako hajafika. Nisaidie ama usinisaidie, nitasoma."

Keziah aligeuka, akazitazama kurasa mkononi mwa Hala. "Utasoma kwa sauti," alisema. "Na mimi nitakuwa naangalia kama imeandikwa."

Walisoma. Hala alisoma, Keziah akafuata kwa kidole, na kila neno la kizamani lilipowashinda walimwita Mwalimu Jerioth. Barabara ile ya jangwani, ukiitembea badala ya kuitazama kwa mbali, ilikuwa na vituo vingi. Watoto wa Kijito cha Mialoni walikaa kwenye mabenchi ya magogo yaliyopasuliwa, yasiyo na pa kuegemea. Madirisha hayakuwa na vioo, yalizibwa kwa karatasi iliyopakwa mafuta ili mwanga upite. Kalamu zao zilikuwa manyoya ya bata bukini. Walisoma wakati wa baridi tu, mashamba yakiwa yamelala, na Jumapili chumba kile kile kiligeuka kanisa. Wazazi walimlipa mwalimu kwa mahindi na sufu.

Mchungaji Hezekiah hakuwa na nyumba. Alikaa wiki moja moja kwa wazazi wa wanafunzi, kwa zamu. Zamu ilipofika nyumbani kwa mwandishi, aliyekuwa msichana wa umri wa Hala, yeye alimwachia mwalimu kitanda cha karibu na moto, akapanda kulala darini. Asubuhi aliamka na theluji juu ya blanketi, kwa sababu paa lilivuja. Mwalimu alipomwona anakung'uta theluji nywelani, alipanda juu ya paa na nyundo, na siku hiyo wanafunzi wote walikaa shuleni wakingoja, mpaka alipomaliza kuziba.

Hala aliacha kusoma.

"Hiyo ni tamu kuliko yote niliyotunga," alisema.

"Na ilikuwa kwako kitandani wiki tatu," Keziah alijibu. Lakini aliikokota nyumba ya mdalasini akaiweka kati yao, akaanza kutoa mikeka mmoja mmoja kwa ncha ya mkasi.

Fimbo za mdalasini zilikuwa zimebaki. Walizipasua zikawa mabenchi. Walipaka karatasi mafuta ya nazi ya nywele ya Keziah, wakaibandika madirishani. Ile mikeka Bibi Jokha hakukubali itupwe.

"Huyu mtoto kasuka vizuri kuliko mimi nilipokuwa na umri wake. Iwekeni hapa, upande wangu. Chuo changu kirudi kwangu, na chao kibaki kwao."

Basi walifanya hivyo. Upande mmoja wa meza ilisimama Shule ya Kijito cha Mialoni. Upande wa pili ilipangwa mikeka, vibao na kuni, na kikaratasi: Chuo cha Bibi Jokha, Kikwajuni, Unguja. Bango waligeuza nyuma, penye weupe, na Hala akaandika kwa kalamu nene: Tulikosea. Tuliweka mikeka ya Unguja katika shule ya Marekani kwa sababu hatukusoma. Hapa kila kitu kimerudi mahali pake.

Keziah alisoma. Alichukua kalamu mkononi mwa Hala.

"Hatukusoma? Sisi?"

Hala aliipokea kalamu, akakata neno la mwisho, akaandika juu yake: Hala hakusoma.

Saa tisa Nahashon aliingia ukumbini, bado amevaa viatu vya jikoni. Keziah alimkimbilia, na baba na binti walikaa wameshikana kwa muda hata watu wakawazunguka kupita. Kisha Keziah alimleta mezani. Nahashon alisoma bango. Alitazama benchi za mdalasini, akatazama mikeka.

"Hii mikeka ilikuwa imefika aje Amerika?"

Keziah alifungua kinywa, lakini Hala alitangulia.

"Kosa ni langu, Baba Keziah. Yeye alitengeneza nilichomwambia. Aliniuliza kama nina hakika, nikamwambia ndiyo. Kwa ajili hiyo tumetolewa kwenye mashindano, na najua ulikuja kumwona akishindana."

Nahashon alijikuna kidevu.

"Mimi nilikuja kumwona Keziah," alisema, "na nimemwona. Hiyo ingine tumekula hasara kidogo." Alimgeukia binti yake. "Lakini na wewe, madam. Jikoni kwetu mtu akiniambia supu iko na chumvi, mimi huwa naonja. Hata kama ni rafiki yangu. Next time, onja."

"Nilikuwa naijenga, Daddy! Ningeonja saa ngapi?"

"Kurasa zilikuwa kwa nani?"

"Kwa Hala."

"Na hukuwa na miguu?"

Keziah akacheka bila kutaka, na Hala akapumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Majaji walipita. Walisikiliza, wakauliza, na hawakuandika alama yoyote, kama walivyoambiwa. Lakini walikaa hapo muda mrefu, kwa kuwa Keziah aliwaeleza kila kitu alichojenga na ukurasa kilikotoka, na Bibi Jokha aliwasomea kwa sauti kama walivyosoma chuoni. Tuzo ilikwenda kwa shule nyingine, na ilistahili. Nahashon alibaki mpaka dakika ya mwisho ya ruhusa yake, akala halua ya Bibi, akarudi Al-Sulimaniyah mbio kuwahi wateja wa jioni.

Uwanjani, walipokuwa wakingoja ndege ya kurudi Jeddah, Hala alikaa kando ya bibi yake.

"Bibi, bado umenikasirikia?"

"Kidogo. Itanitoka." Bibi Jokha aliweka mkono juu ya goti la mjukuu wake. "Sikiliza, mwanangu. Mimi nipo hai. Ukinizulia, naweza kuja nikasema, hicho chuo changu, kirudishe. Wale watoto wa Marekani wamekufa zamani. Ukiwakalisha mkekani hawana wa kuinuka akasema, 'Hapana, sisi tulikaa kwenye magogo, na migongo ikatuuma.' Wamebaki na hayo maandishi tu, na wewe utakayeyasoma. Ndiyo maana mwenye kusimulia habari za watu hana budi kuwa mkweli, na ukweli haupatikani kwa ulimi mzuri. Hupatikana kwa kukaa kitako na kusoma. Tena ukimdanganya mwenzako, humpi maneno tu. Unampa kazi ya kujenga juu ya maneno hayo, na siku yakibomoka humwangukia yeye kwanza."

"Nimefahamu, Bibi."

"Umefahamu leo. Tutaona Jumapili."

Keziah, aliyekuwa kiti cha pili, aliinama mbele. "Next time mimi nasoma, yeye anasuka."

"Atasuka," Bibi alisema. "Mimi mwenyewe nitamfunza, na vidole vitamwuma." Kisha alijiweka vizuri kitini, akafunga buibui yake vyema, akanyoosha kidole kwenye kurasa zilizokuwa mapajani mwa Hala. "Haya, endelea. Kashaziba paa, sawa. Na wiki ya pili huyo Mchungaji alilala kwa nani?"

Hala alitafuta mahali walipoishia, akaanza kusoma.